Kuhamisha kanda za VHS za harusi kwenda kwenye kompyuta, bila kuziua

Wakuu, kama nyumbani bado kuna zile kanda za harusi za miaka ya 90 zimerundikwa juu ya kabati, zishughulikieni sasa hivi, maana siyo kanda tu zinazokufa, hata deki zenyewe zinaisha. Funai ya Japani ndo ilikuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS na iliacha 2016, kwa hiyo yoyote utakayopata leo ni mtumba. Ulizia kwa mafundi redio wa zamani.

Na deki ndo kila kitu hapa. Mtu anahangaika na kidude cha USB cha bei mbaya, kile cha kuingizia picha kwenye kompyuta, wakati deki yake ina hedi chafu (vile vichwa vinavyosoma mkanda), picha inatoka chenga tupu. Ijaribu kwanza kwenye TV kwa kanda usiyoijali, hata ya mieleka, uone kama inakula mkanda. Hedi zinasafishwa kwa spiriti ya isopropili na kipande cha ngozi laini: chomoa umeme, kishikilie tuli kwenye ile silinda inayong'aa, alafu zungusha silinda yenyewe kwa kidole, polepole. Usisugue juu chini, na vile vijiti vya pamba vya masikioni achana navyo kabisa, nyuzi zake zinanasa kwenye hedi na kuivunja.

Sasa kanda. Ishike mwangani, chungulia kwenye kidirisha, angalia ukingo wa mkanda ulipozungushiwa. Ukiona utando mweupe kama unga umeshika humo, hiyo ni fangasi, na kwa sisi wa pwani na hili joto la unyevunyevu ni kawaida sana. USIIWEKE kwenye deki, itachafua hedi na kuambukiza kanda zote zinazofuata, hiyo itenge umpe fundi anayejua kuifungua. Zilizo safi vunja kale kaplastiki ka mgongoni kama bado kapo, ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya, alafu ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe mwanzo kabla ya kupleyi, mkanda uliokaa miaka unakuwa umegandana.

Kuunganisha ni rahisi: waya wa njano ni picha, mweupe na mwekundu ni sauti, vyote vinaingia kwenye kidude cha USB, nacho kwenye laptopu. Deki nyingi za kizamani ni mono, zina tundu moja tu la sauti, basi chomeka mweupe na kwenye programu uweke mono, la sivyo utasikia sikio moja.

Programu ya kurekodi mimi naona OBS inatosha na ni ya bure. Chagua PAL, ndo uliokuwa mfumo wetu wa picha za TV na video Kenya na Tanzania, ila kanda aliyotuma mjomba kutoka Marekani ni NTSC na itataka deki ya multisystem, yaani inayocheza mifumo yote miwili. Ukubwa weka 768 kwa 576, fremu 50 kwa sekunde, na kwenye deinterlacing (sehemu ya kuondoa mistari ya picha) chagua Yadif 2x, bila hiyo mtu akicheza mduara mikono inatoka mistarimistari kama kitana. Usiivute picha ijae skrini pana, bi harusi atanenepa bure. Bitrate (kiasi cha data kwa sekunde) ya 8000 kbps inakula kama GB 3.6 kwa saa moja, kwa hiyo pima nafasi kwanza.

Hakuna njia ya mkato, kanda ya masaa matatu inachukua masaa matatu, washa na uendelee na shughuli zako ila pita pita kuchungulia. Picha ikitetemeka au ikiwa na mstari chini, gusa kitufe cha tracking kwenye deki taratibu mpaka itulie. Rekodi kwenye diski ya ndani ya kompyuta, siyo kwenye fleshi, fremu zitaruka na sauti iachane na midomo.

Ukimaliza, faili lipe jina na mwaka pale pale, weka kopi moja kwenye hadidiski ya nje na nyingine kwa ndugu anayekaa mji mwingine. Kanda usitupe, isimamishe wima sehemu kavu, mbali na spika.