Namna ya Kumsaidia Mwanamke Mwenye Usonji Ajisimamie Mwenyewe

Mwanamke mwenye usonji (autism), hali ya ubongo inayogusa namna mtu anavyowasiliana na kuhisi mambo, mara nyingi hufika utu uzima akiwa bingwa wa kuficha: hukariri namna ya kuitikia mazungumzo, hujilazimisha kumtazama mtu machoni, na huzuia mikono yake isitikisike mbele za watu. Katika maelezo maarufu ya usonji yaliyoandikwa na Leo Kanner, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto, mwaka 1943, watoto 11 walioelezwa walikuwa wavulana 8 na wasichana 3, na kwa muda mrefu usonji uliendelea kutazamwa kama jambo la wavulana. Ndiyo maana wanawake wengi huambiwa kwanza kwamba wana wasiwasi au sonona, na usonji wao hutambuliwa miaka mingi baadaye. Msaada unaomfundisha kuficha zaidi humchosha tu, hata kama jamaa zake wanausifu.

Anza kwa kumuuliza ni jambo gani linalomsumbua yeye, wala si linalowasumbua wanaoishi naye. Ikiwa maneno ya mdomo ni mazito kwake, aandike, achore au achague kati ya picha. Lengo moja linatosha kwa kuanzia.

Kabla ya kupanga ratiba yoyote, shughulikieni ishara za mwili, kwa sababu watu wengi wenye usonji hawatambui njaa, kiu, haja ya kwenda chooni au uchovu mpaka hali iwe imekwisha kuwa mbaya. Swali la "Unajisikiaje?" halimsaidii sana. Muulize lile linaloweza kujibiwa: je, mabega yamekaza? Mara ya mwisho alikunywa maji saa ngapi? Sauti za kawaida zimeanza kumkera? Baadaye majibu hayo ayaandike mwenyewe katika daftari, asubuhi, mchana na jioni, pamoja na saa alizolala na siku ya mzunguko wake wa hedhi. Hili la hedhi husahaulika mno, ilhali wanawake wengi wenye usonji hueleza kwamba siku chache kabla ya damu kutoka, mwanga na kelele huwaumiza zaidi na hasira huwa karibu. Akiona mtindo huo katika mizunguko miwili au mitatu ya maandishi yake mwenyewe, ataweza kusogeza kazi nzito na miadi hadi siku zinazomfaa, bila kungoja aambiwe.

Katika kazi za kila siku, kikwazo mara nyingi ni kuanza, jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa uvivu. Agizo la "safisha jikoni" lina kazi kadhaa ndani yake, na halisemi ipi itangulie. Andikeni hatua zinazoonekana: weka vyombo vyote kwenye karo, fungua bomba, osha vikombe kwanza. Maneno yawe yake, na orodha ikae pale pale kazi inapofanyika. Mara ya kwanza fanyeni pamoja, kisha kaa karibu bila kusema, kisha mwachie orodha na kengele ya simu. Msaidizi anayeendelea kukumbusha kwa mdomo hujigeuza kengele yeye mwenyewe, na siku asipokuwepo kazi husimama.

Mpango wa nyakati za kuzidiwa uandikwe akiwa ametulia. Uwe na dalili za mwanzo anazozijua, mahali pa kujitenga, vizibo vya masikio, na ujumbe uliohifadhiwa tayari kwenye simu, kwa mfano: "Nimezidiwa na kelele. Naomba nusu saa peke yangu. Usinishike wala usiniulize maswali." Akiuonyesha, utii ulivyoandikwa, punguza mwanga na maneno, na mazungumzo yasubiri mpaka apumzike. Kujitikisa kusikomuumiza kusizuiwe, kwani ndiyo njia yake ya kujituliza.

Aliyezoea kuwaridhisha watu ili asigundulike huwa rahisi kutumiwa vibaya. Fanyeni mazoezi ya sentensi fupi kama "Sitaki" na "Nitakujibu kesho", nawe uwe wa kwanza kulikubali jibu hilo anapokukatalia wewe.

Mara moja kwa juma apitie daftari lake na kuamua kipi kibaki na kipi kibadilishwe. Akianza kushindwa mambo aliyokuwa akiyamudu, kama vile kuoga, kupika au hata kuzungumza, huenda ni uchovu mkubwa unaowapata watu wenye usonji baada ya kubeba mengi kwa muda mrefu. Punguzeni mzigo, na msiongeze mafunzo. Akijidhuru au akitaja kujiua, mtafutieni mtaalamu wa afya siku hiyo hiyo, na mtaalamu huyo aelezwe wazi kwamba ana usonji, kwa kuwa anaweza kusema maneno hayo kwa uso mtulivu kabisa.