VR yako iwe na vitu vingapi vya kushika?

Kabla hujaanza kutengeneza VR, yaani ule ulimwengu wa kompyuta ambao mtu anauona kwa kuvaa miwani maalum, jiulize kwanza, mtu akivaa ile miwani anakuja kuangalia au kutenda? Kama ni video ya digrii 360 mwache ageuze kichwa tu, inatosha kabisa, ukimwekea vitufe kila kona stori yenyewe itampita. Ila kama ni mafunzo ya kazi, mfano kuzima moto, hapo lazima ashike mtungi, avute pini, aelekeze mpira chini kwenye chanzo cha moto, maana mkono nao unajifunza.

Kitu kimoja nakisisitiza sana: kinachoonekana kama kinashikika, kishikike kweli. Mtu akiona kikombe mezani atanyoosha mkono tu, sasa mkono ukipita katikati kama hewa basi keshatoka kwenye ule ulimwengu, bora kikombe ukitoe.

Kutembea nako, usimsukume kwa joistiki (kile kijiti cha kuongozea) wakati yeye kakaa, macho yanasema tunaenda sikio la ndani linasema tumetulia, wengi wanapata kichefuchefu, mpe kuruka kutoka pointi hadi pointi, yaani achague pa kwenda na atokee pale papo hapo. Halafu tafuta mtu ambaye hajawahi kuvaa ajaribu, we nyamaza, angalia mikono yake inaenda wapi.