Je, faini inamfanya mtu alipe mapema? Namna ya kulijaribu swali hili kwenye sacco yenu

Vyama na sacco nyingi zinaamini jambo moja bila kulijadili: anayechelewesha mchango apigwe faini, atajirekebisha. Ukiwauliza wanachama wenyewe, watakubali, maana hakuna anayetaka kuonekana mtetezi wa wachelewaji. Jaribio la nyanjani halitegemei majibu ya mdomo. Unabadilisha kitu kimoja kwa baadhi ya watu, wengine unawaacha walivyo, kisha unatazama wanachofanya.

Hatua ya 1: Chagua kitendo kinachohesabika. "Nidhamu" haihesabiki. "Waliolipa baada ya Ijumaa saa kumi na mbili jioni" wanahesabika.

Hatua ya 2: Tumia rekodi ambayo ipo tayari. Daftari la mweka hazina au taarifa ya M-Pesa inatosha. Wachumi James Habyarimana na William Jack walitaka kujua kama stika za kuwahimiza abiria wamkemee dereva anayekimbiza gari zingepunguza ajali za matatu (mabasi madogo ya abiria) nchini Kenya. Kipimo chao kikuu kilikuwa madai ya bima ya matatu zaidi ya 2,000 za safari ndefu. Madai yalishuka kwa kati ya nusu na theluthi mbili. Dereva anaweza kukudanganya kuhusu mwendo wake. Faili la bima halina sababu ya kujipendekeza kwako.

Hatua ya 3: Piga kura, yaani vigawe vikundi vya sacco kwa bahati nasibu. Hapa ndipo majaribio mengi yanapoharibika. Mwenyekiti atakwambia, "Tuanze na kundi la kina fulani, hao ni wasumbufu." Kataa kwa upole. Ukiwapa faini wasumbufu peke yao, hutajua mwishoni kama ulichokipima ni faini au usumbufu wao. Fungua Excel, orodhesha vikundi vyote, andika =RAND() kando ya kila jina ili Excel itoe namba ya bahati nasibu, kisha nakili namba hizo na uzibandike kama thamani tupu, la sivyo zitabadilika kila ukigusa karatasi. Panga kuanzia ndogo hadi kubwa. Nusu ya juu ipate faini, nusu ya chini iendelee kama zamani. Fanya haya mbele ya kamati, ili asiwepo wa kunung'unika baadaye.

Nimesema vikundi, sikusema watu. Wanachama wanaokaa mkutano mmoja huonana na huongea. Ukimtoza huyu na kumsamehe jirani yake, umezua ugomvi na umeharibu kipimo. Vikundi vikiwa vinne tu, acha kabisa: kikundi kimoja chenye msiba kitapindua matokeo yote.

Hatua ya 4: Rekodi kabla hujagusa kitu. Mwaka 1998, Uri Gneezy na Aldo Rustichini walifuatilia vituo 10 vya kulelea watoto huko Haifa, Israeli, ambako wazazi walitakiwa kuwachukua watoto saa kumi jioni. Wiki 4 za kwanza walihesabu tu wachelewaji. Kisha vituo 6 vikaweka faini ya shekeli 10 kwa kila mtoto aliyechelewa kuchukuliwa kwa dakika 10 au zaidi. 4 vikabaki bila faini. Penye faini, wachelewaji waliongezeka hadi karibu mara mbili. Mzazi aliyekuwa akimwonea haya mwalimu sasa alijiona ananunua muda, tena kwa bei nafuu.

Hatua ya 5: Ondoa ulichoweka, na uendelee kuhesabu. Wengi huiruka hatua hii kwa uchovu. Haifa waliifuta faini mwanzoni mwa wiki ya 17, na wazazi hawakurudi kwenye tabia yao ya awali. Kwa hiyo usiiweke faini sacco nzima "tuone itakuwaje". Huenda aibu iliyokuwa ikiwasukuma watu kulipa isirudi tena.

Hatua ya 6: Linganisha kama ulivyopanga. Kikundi kilichopangiwa faini lakini katibu wake akaona huruma na kuacha kuitoza kinabaki upande wa faini. Ukikihamisha, umeifuta kura yako. Toa wastani wa wachelewaji kabla na baada kwa kila upande, kisha ulinganishe mabadiliko ya pande hizo mbili.

Ridhaa ya wanachama itafutwe mkutanoni kabla ya kura, na iandikwe kwenye kumbukumbu. Ukikusudia kuchapisha matokeo kama utafiti, Kenya utahitaji kibali cha NACOSTI, na Tanzania cha COSTECH (tume za sayansi na teknolojia za nchi hizo), vishughulikie mapema.