Riwaya ya kuliza kwenye basi la Mwanza, soma hivi

Kosa nililofanya mimi ni kubeba riwaya ya majonzi bila kujipanga. Ilikuwa Disemba, natoka Dar naenda Mwanza halafu niunganishe meli ya Ukerewe, nikaona Rosa Mistika ya Kezilahabi ndo yenyewe, ile ya 1971 iliyowahi kupigwa marufuku mashuleni, si stori yake ni ya hukohuko Ukerewe, nitasoma nikienda kupaona. Hatujafika hata Dodoma, baba anamtwanga binti yake kisa barua ya mvulana, na mimi nalia kama mtoto kanyang'anywa andazi.

Mama niliyekaa naye akanigusa bega, "Mwanangu, umepata msiba?" Hapana mama, ni kitabu. Akacheka weee, halafu akasema haya nisimulie, na nikamsimulia kweli, akawa anasonya kila nikimtaja yule baba mlevi.

Sasa we fanya hivi. Siti chukua ya dirishani, na kama ni Disemba kaa upande wa dereva, maana jua linakuwa kusini na basi linaelekea magharibi, huko kwa dereva unapata kivuli karibu siku nzima. Mwezi wa sita geuza. Usipoangalia hili utasoma umekunja uso na mtu atajua umenuna.

Kichefuchefu nacho kipo. Soma barabara ikiwa imenyooka, ukifika mlima Sekenke funga kitabu, angalia nje mbali, zile kona na maandishi madogo haviendani kabisa, utaomba mfuko. Na usisome umeshiba chipsi mayai.

Iafoni vaa hata kama husikilizi kitu, ziko za kumzuia jirani asikuchombeze maongezi, japo kwa mama kama yule wangu hazisaidii. Leso au mtandio uwe mapajani, usiuweke kwenye begi la juu. Kitabu cha karatasi mi nakipenda kuliko simu, simu chaji ikiisha Singida umekwama na Rosa wako njiani, ila usiku simu ndo nzuri, punguza mwanga watu wanalala.

La muhimu kuliko yote, mwisho wa kitabu usiusomee kwenye basi. Abiria wanashuka kuchimba dawa, konda anapiga kelele twende twende, kwenye tv ya mbele watu wanapigana ngumi, na we umebakiza kurasa ishirini, hapo kitabu unakiharibu bure. Alama kwenye ukurasa, rudisha begini, kula mahindi yako.

Mi kurasa zangu za mwisho nilizimalizia kwenye meli, yale masaa matatu hivi ya kwenda Nansio, bandari ya Ukerewe, nimesimama nje na upepo wa ziwa usoni. Pale ukifuta macho kila mtu anajua ni upepo. Nikainua kichwa kisiwa ndo hicho kinakuja, nikashindwa hata kupiga picha.