Kabla hujafunga begi la kwenda Mars

We unayesema ikitangazwa safari ya Mars unaondoka hata kesho, kaa kwanza tuongee.

Safari ni kama miezi saba, roketi zipo, sawa. Baridi wastani ni nyuzi 60 chini ya sifuri, sweta la Makambako halikusaidii. Presha ya hewa haifiki hata asilimia 1 ya huku kwetu, so bila suti hutoki. Udongo una pakloreti, chumvi yenye sumu, mchicha haupandi hivi hivi. Mizigo nayo, gari la utafiti lisilo na dereva, Perseverance, lililotua Mars 2021 lina kama tani 1, yaani Probox tupu, na we unataka nyumba, mitambo, chakula na familia.

Oksijeni inatengenezwa kule kule, ndiyo, kifaa kinaitwa MOXIE kilifanya kazi hiyo mpaka 2023, kikapata jumla ya gramu 122. Mtu mmoja kwa siku anataka kama 840. Piga hesabu mwenyewe.

Sasa spea. Hapa nisikilize vizuri.

Mi nilifuga sato kwenye matangi nyuma ya nyumba, samaki 600, na nilijipanga kwelikweli, umeme ukikatika jenereta ipo, dizeli ipo, jirani ana namba yangu. Walioniuzia pampu ya hewa wakasema hiyo ni chuma, haifi leo wala kesho. Usiku mmoja saa nane nasikia kimya, umeme upo taa zinawaka ila pampu haisukumi, nafungua nakuta kampira ka ndani, kadogo kama sarafu ya mia mbili, kamechanika. Samaki wamejaa juu midomo wazi wanatafuta hewa, mi na mke wangu tunachota maji na ndoo tunamwaga kwa juu ili yachanganyike na hewa mpaka mikono ikafa ganzi, asubuhi wameelea karibu wote. Fundi akaja, Kariakoo kampira hakuna, kuagiza China wiki tatu.

Wiki tatu! Kule nafasi nzuri ya kurusha roketi inakuja kila baada ya miezi 26, halafu ongeza safari yenyewe. Ukimpigia fundi wa duniani sauti yako inasafiri kati ya dakika 3 na 22 kumfikia, na jibu hivyo hivyo kurudi. Hata kile kituo cha anga kinachozunguka juu yetu, kinachorudisha asilimia 98 ya maji ya jasho na mkojo, vichujio na pampu vinapelekwa toka huku, na hapo ni kilomita 400 tu. Kwahiyo usiulize roketi ina spidi gani, uliza vimpira viko vingapi, vikiisha nani atavitengeneza na kwa malighafi ipi.

Mengine ni ya kawaida tu, jino linalouma ling'oe kabla, miwani beba mitatu, na mtu ambaye mnagombania nani aoshe vyombo hapa hapa Tabata usimchukue.