Somo: Kufyatua matofali ya kufungamana kwa udongo wa kwako (na jinsi Uyole ilivyonitia adabu)

Kamwene ndugu zangu. Wengi mmeniomba niandike hatua kwa hatua namna ya kufyatua matofali ya kufungamana, yale ya udongo na simenti kidogo, yasiyopita motoni. Nitaandika, ila nianze na aibu yangu.

Kazi hii nilijifunzia Iringa, upande wa Kihesa, kwenye udongo mwekundu wenye chembe za mchanga. Pale nilikuwa naweka kipimo kimoja cha simenti kwa 16 vya udongo, tofali linatoka limenyooka, ukiligonga linalia. Nilipohamia Uyole, Mbeya, nikabeba kipimo kilekile kichwani kama mganga na dawa yake. Nikachimba uwanjani kwangu, nikafyatua matofali 400 kwa siku mbili. Siku ya nane nikanyanyua moja, kona ikabaki chini. Nikalikwaruza kwa ufunguo, likamwaga unga kama andazi la juzi. Ndani lilijaa chembe nyeupe nyepesi. Nikatia konzi ya udongo ule kwenye beseni la maji, chembe zikaelea. Ni vijiwe vilevile tunavyosugulia visigino! Tuko chini ya milima ya volkano, Ngozi na Rungwe, na majivu na vijiwe vilivyorushwa zamani ndivyo vinavyofanya viazi vyetu vinenepe. Kwa mkulima ni neema. Kwa tofali ni balaa, maana kijiwe chenyewe kina matundu, kinakunywa maji yako na ukikibana kinavunjika.

Kwa hiyo somo hili nusu yake ni udongo. Mashine ya kukodi haina siri yoyote, mtoto wa darasa la saba anaielewa kwa dakika kumi.

Kabla ya hatua: kwa nini usichome tu?

Sisi wa nyanda za juu tumezaliwa ndani ya nyumba za tofali la kuchoma, na sitamcheka mtu anayelipenda. Ila tembea asubuhi ya Juni au Julai, hewa ya baridi ikiwa imelala bondeni, uone moshi wa tanuru unavyolala nayo. Haupandi. Unaingia madirishani, unakaa kwenye nguo zilizoanikwa, watoto wanakohoa hadi saa nne jua linapoanza kuupandisha. Halafu kuna kuni, na kuna mashimo yanayoachwa mabondeni, mvua zikinyesha yanakuwa madimbwi ya mbu.

Jambo ambalo watu hawalipigii hesabu ni simenti. Tofali la tanuru halilingani na mwenzake, hili limepinda, lile limevimba, kwa hiyo fundi anajaza mchanganyiko wa simenti unene wa vidole viwili katikati, kisha anapiga lipu nene kuficha mabonde. Tofali la kufungamana lina ulimi na mfereji, linakaa juu ya mwenzake karibu bila kitu katikati, na ukitaka unaliacha bila lipu. Simenti bado inatumika, tusidanganyane, na kiwanda cha simenti nacho kina moshi wake: karibu nusu au zaidi ya hewa ukaa yake inatoka kwenye jiwe la chokaa lenyewe linapounguzwa. Ndiyo maana kipimo kisizidi mahitaji.

Hatua ya 1: Chimba chini ya udongo mweusi

Ondoa udongo wa juu wenye mizizi na mboji, sentimita 30 hadi 50, uweke pembeni. Usiutupe, utaurudishia shimo ukimaliza upande ndizi. Mboji ikiingia kwenye mchanganyiko simenti haishiki sawasawa. Chukua sampuli sehemu tatu au nne za kiwanja, kila moja kwenye mfuko wake wenye alama. Kwangu Uyole, mita tano tu kutoka kona moja hadi nyingine, tabaka lilikuwa tofauti.

Hatua ya 2: Chupa

Tafuta chupa ya kioo au plastiki angavu, yenye kuta zilizonyooka. Jaza udongo zaidi kidogo ya theluthi moja ya chupa, ongeza maji hadi karibu na mdomo, tia chumvi kidogo ya jikoni. Tikisa kwa nguvu, acha saa moja, tikisa tena, kisha usiiguse hadi kesho. Changarawe na mchanga vinatua ndani ya dakika moja, vumbi laini linafuata, mfinyanzi, yaani udongo ule unaonata, unashuka mwisho, taratibu.

Pima kwa rula. Unatafuta mchanga na changarawe ndogo kati ya nusu na robo tatu ya kimo chote, na mfinyanzi kama asilimia 15 hadi 25. Angalia pia juu ya maji. Kama kuna kitu kinaelea na si majani, umekutana na jamaa zangu wa Uyole.

Hatua ya 3: Kisanduku

Hapa ndipo watu wanaruka, na hapa ndipo pesa inapotea. Mwambie seremala akutengenezee kisanduku cha mbao chenye urefu wa ndani wa sentimita 60, upana 4, kimo 4. Paka oili chafu ndani. Lowesha udongo uwe kama wa kufinyanga, ushindilie hadi pembeni kabisa, sawazisha juu kwa kisu. Weka juani siku tatu, au kivulini wiki nzima. Ukikauka, usukume wote upande mmoja, pima nafasi iliyobaki.

Ukisinyaa chini ya sentimita 1.5, kipimo ni simenti 1 kwa udongo 18. Kati ya 1.5 na 3, 1 kwa 16. Kati ya 3 na 4.5, 1 kwa 14. Kati ya 4.5 na 6, 1 kwa 12. Ukipita 6, ongeza mchanga, anza upya. Vipimo hivi vimetoka mbali. Vinatumika tangu enzi za CINVA-Ram, mashine ya mkono aliyoibuni Raúl Ramírez kule Bogotá, Kolombia, mwaka 1956, na mashine nyingi tunazokodi leo ni wajukuu zake.

Sasa sikilizeni mtego. Udongo wangu wa Uyole nilipokuja kuupima, haukusinyaa hata milimita mbili. Mtu akisoma orodha hiyo juu anashangilia: 1 kwa 18, rahisi! Kumbe haukusinyaa kwa sababu mfinyanzi haupo, na pasipo mfinyanzi tofali bichi halina cha kulishika. Ndiyo maana chupa na kisanduku vinakwenda pamoja. Mwisho wa yote nilinunua tripu mbili za udongo mwekundu, nikachanganya na mchanga, nikarudia majaribio yote mawili, na nyumba ninamoandikia ndiyo hiyo.

Hatua ya 4: Kuchanganya

Chekecha kwa wavu wa matundu ya milimita 5 au 6. Changanya kidogokidogo. Nusu ndoo ya simenti kwa ndoo nane za udongo inatosha kundi moja la matofali 24 hivi. Geuza ukiwa mkavu hadi rangi iwe moja bila michirizi, ndipo unyunyize maji kwa keni ya bustani. Usimwage kwa ndoo.

Kipimo cha maji ni mkono. Finya donge, nyoosha mkono usawa wa bega, achia lidondoke kwenye ardhi ngumu. Likipasuka vipande vinne au vitano, ni sawa. Likisambaa unga, maji hayatoshi. Likibaki bonge moja limepondeka kama ugali, umezidisha. Tangu maji yaguse simenti una kama saa moja; kilichobaki baada ya hapo ni cha kujazia njia. Msaidizi wa fundi akienda chai, kundi jipya lisianzwe.

Hatua ya 5: Kufyatua

Jaza kisanduku cha mashine kwa kopo lilelile kila mara, funga, shusha mkono, toa. Mashine nyingi zilizoenea nchini zinatoa tofali la sentimita 30 kwa 15 kwa 10, kwa hiyo mita moja ya mraba ya ukuta inakula matofali 33. Mfuko wa kilo 50 kwa kipimo cha 1 kwa 16 unatoa kama 75 hadi 85. Mtu akikuahidi 150 kwa mfuko, mwulize nyumba yake iko wapi.

Hatua ya 6: Kutunza

Panga kivulini juu ya nailoni, funika kwa nailoni, nyunyiza maji asubuhi na jioni siku saba. Kisha yaache yakauke polepole, yasijengewe kabla ya siku 28 tangu kufyatuliwa. Upepo wa Iringa ni adui kuliko jua. Unakausha kona kabla tumbo halijashika. Mawe juu ya nailoni, tafadhali.

Hatua ya 7: Kujenga

Msingi wa mawe, uinuke angalau sentimita 30 juu ya ardhi. Kozi ya kwanza, yaani mstari wa kwanza wa matofali, ndiyo nyumba yako: ilaze kwenye simenti, pimamaji kila tofali, kamba kutoka kona hadi kona. Ikipinda milimita tatu hapo, huko juu utajua. Ringi bimu, ule mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta, usiiruke, na upenu utoke sentimita 60 kila upande, kwa sababu mvua zetu huja na upepo.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Mafinga: Fundi, shikamoo. Udongo wangu mwekundu mtupu, unanata kwenye beleshi. Kisanduku kimesinyaa sentimita 7 na katikati umepasuka mara mbili.

Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kupima. Jumlisha vipande vyote ukivisukuma pamoja, ndipo usome. Anza na ndoo tatu za udongo kwa moja ya mchanga wa mtoni, pima tena. Bado ukizidi 6, mbili kwa moja. Usijaribu kutibu mfinyanzi kwa kuongeza simenti, utafilisika na tofali litapasuka vilevile.

Mwanachama, Kyela: Huku kwetu mvua haina adabu na maji yanapanda. Yatafaa kweli?

Yatafaa kuanzia pale maji yasipofika. Waulize wazee wa mtaa yalipofikia mwaka mbaya kuliko yote, jenga kwa mawe au bloku za zege hadi juu ya alama hiyo, ndipo uanze tofali la udongo. Kama maji hukaa ndani siku kadhaa, acha. Na kama utaamua kuchoma, una pumba za mpunga mlangoni. Chomea hizo, uache miti. Moshi utabaki, ila msitu utapona.

Mwanachama, Kyela: Ndaga fijo, asante sana.

Mwanachama, Iringa mjini: Fundi wangu kakataa. Anasema hizo ni nyumba za maonyesho, akipewa kazi anataka tofali la tanuru.

Usibishane naye, ndugu yangu. Chukua tofali lako la siku 28 na la kwake, yatie kwenye pipa la maji hadi kesho. Yatoe, yapime uzito, kwaruza kona kwa msumari mbele yake. La kwako likimomonyoka, yeye ana haki. Likibaki gumu, ataomba namba ya mwenye mashine. Ukitaka afundishwe rasmi, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, ulikuwa ukitoa mafunzo kwa mafundi na vikundi; uliza kwanza kama bado yapo.

Mwanachama, Makete: Baridi ya huku inagandisha umande. Nifyatue lini?

Subiri Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza. Simenti kwenye baridi inalala, kwa hiyo siku saba za kufunika zifanye kumi na nne, na usiku tandika majani makavu juu ya nailoni. Tofali bichi likigandiwa na barafu ndani, uso wake unabanduka kama ganda la kitunguu.

Mwanachama, Mbeya: Jirani ana tanuru mita kumi na tano kutoka dirisha la mama yangu mwenye pumu. Nifanyeje bila kugombana?

Pole sana, na mama umpe pole. Anza kwake mwenyewe, uende na mzee mmoja wa mtaa, umwambie habari ya mama. Wengi hawajui moshi unafika wapi kwa sababu wao wamesimama upande upepo unakotoka. Akikaidi, serikali ya mtaa, kisha afisa mazingira wa halmashauri; ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Usiku wa kuchoma, mhamishie mama chumba cha upande wa pili.

Mwanachama, Mbarali: Majivu ya pumba yanaweza kuchukua nafasi ya simenti?

Sehemu yake ndogo, ndiyo, yakiwa ya kijivu cheupe na kusagwa laini, yakichanganywa na simenti au chokaa. Peke yake hayashiki kitu. Yale meusi bado yana mkaa, yaache. Usianzie huko kwenye nyumba ya kulala. Jaribu kwenye ukuta wa choo kwanza.

Mwanachama, Tukuyu: Mzee, yale matofali 400 ya Uyole uliyapeleka wapi?

Niliyatandaza njia ya kwenda bandani kwa kuku. Mvua za Machi zimeshakula nusu, na mke wangu amepanda figili pembeni, zimenenepa kuliko za bustanini.