Kuongeza vifaa vya kiwandani kwenye gari ulilokwisha nunua: pesa huishia kwenye waya

Mtu ananunua Toyota Wish au Premio ya daraja la kawaida kwenye bondi (yadi ya magari yaliyoagizwa nje) ya Kampala, kisha anatamani taa za ukungu, kamera ya nyuma au kruzi kontroli (kifaa kinachoshikilia mwendo bila kukanyaga pedali) aliyoiona kwenye gari kama lake. Anaulizia kifaa kwenye soko la vipuri la Kisekka, anakuta bei inavumilika, analipa. Bili ya fundi ndiyo inayomshtua. Kabla ya kulipa chochote, tafuta jibu la swali moja: je, kiwanda kiliacha waya za kifaa hicho ndani ya gari lako?

Zikiwepo, unalipia kifaa na saa moja au mbili za kazi. Zisipokuwepo, unalipia waya, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), fyuzi, swichi na kufunguliwa kwa dashibodi, na kifaa chenyewe kinakuwa sehemu ndogo ya hesabu.

Kukagua si kugumu. Kwa taa za ukungu, banua kile kifuniko cheusi kwenye bampa la mbele na upapase kwa mkono. Soketi isiyo na mwenzake, iliyofungwa kwa utepe kwenye fungu la waya, ni habari njema. Usipoikuta, waya zitavutwa upya. Balbu mbili za wati 55 kwenye volti 12 hula ampea 9 na kidogo, kwa hiyo weka rilei, fyuzi ya ampea 15 na waya wa milimita mraba 1.5 au zaidi. Kataa balbu za wati 100: huyeyusha soketi na kioo cha plastiki.

Kruzi kontroli ndiyo yenye faida kubwa kwa gharama ndogo, ilimradi gari lina mkono wa gesi wa umeme, yaani hakuna kebo kutoka pedali hadi injini. Mengi ya magari hayo hubeba programu yake tayari kwenye kompyuta ya injini. Yasiyo nayo yaache. Unahitaji kile kijiti cha swichi, skrubu zake mbili na kifuniko cha chini cha usukani chenye tundu la kukipitishia. Muuzaji akate kijiti kutoka gari la nusu, yaani lililokatwa na kuuzwa kama vipuri, pamoja na soketi na kipande cha waya cha sentimita 15. Kukitafutia soketi baadaye ni kulipa mara mbili.

Kabla ya kuchomoa betri ili kufunga kruzi, jambo moja kwanza: redio nyingi za Kijapani hujifunga betri ikichomolewa na kudai kadi yake ya SD au namba ya siri. Kama huna, mwambie fundi mapema, maana kuifungua ni gharama nyingine.

Nyoosha magurudumu, chomoa waya hasi wa betri, subiri angalau sekunde 90 ndipo uguse mfuko wa hewa (eabegi) wa usukani. Ukishautoa, ulaze uso ukitazama juu. Soketi za njano, ambazo ni za mfuko huo, usizipime kwa taa ya majaribio hata kidogo. Nyuma ya usukani kuna utepe wa umeme unaojiviringisha, kloku springi. Hesabu pini zake: za kruzi zikikosekana, lazima ununue nyingine, na hapo gharama hupanda. Usiizungushe ikiwa nje. Ikifungwa bila kuwekwa katikati, hukatika usukani ukikatwa hadi mwisho, na honi na mfuko wa hewa hufa pamoja.

Kamera: ile ya kiwandani ya Toyota kwa kawaida hutumia volti 6 kutoka kwenye redio, za madukani hutumia 12. Ukizichanganya, moja haiwaki, nyingine inaungua.

Dirisha la paa na mifuko ya hewa ya ziada usiguse. Kukata paa ni kukaribisha maji na kutu, na fedha hiyo ingekusogeza karibu na gari la daraja la juu tangu mwanzo.

Omba bei tatu kwa maandishi: kifaa, waya na soketi, kazi ya mkono. Ukiagiza nje, VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya thamani pamoja na usafiri na ushuru, si juu ya bei ya kifaa peke yake. Mpe muuzaji namba ya fremu, kwa mfano inayoanza ZGE20 kwa Wish ya 1.8, wala si jina la gari tu.

Salio lipe baada ya majaribio. Taa ya mfuko wa hewa izimike sekunde chache baada ya kuwasha, honi ilie, indiketa zirudi zenyewe. Kisha peleka gari barabara ya kasi ya Entebbe, vuka kilomita 40 kwa saa, weka kruzi. Taa ya kijani ikiwaka lakini mwendo haushiki, angalia swichi ya breki: ya kruzi ina pini nne, siyo mbili.